Mzani kwenye Korido: Kinga ya Kisukari Inapohamia Kazini

Katika ofisi moja ya Dar es Salaam niliyowahi kufanyia kazi, siku ya afya ilianza kwa mzani uliowekwa kwenye korido, kati ya mlango wa masijala na ngazi, mahali ambapo kila aliyekuwa anakwenda kunywa chai alilazimika kupita. Muuguzi aliyeletwa kwa kazi ya siku hiyo alikuwa mchangamfu na mwenye sauti. "Mia moja na nne, kaka yangu! Punguza chapati," alimwambia dereva wetu mmoja, na korido nzima ikacheka, naye akiwemo. Tulitobolewa vidole, tukaandikiwa namba kwenye vikaratasi, tukagawiwa fulana. Orodha yenye majina na namba zetu ilishinda juu ya meza ya afisa utumishi mpaka jioni. Saa nne na nusu tukaenda kwenye chai, ambayo kama kawaida ilikuwa imetiwa sukari ndani ya birika, na pembeni yake sinia la maandazi. Mwaka uliofuata, siku ya afya ilipotangazwa tena, dereva yule aliomba apangiwe safari ya Morogoro.

Nimekuwa nikiikumbuka asubuhi ile kila ninaposikia hoja, ambayo siku hizi inatolewa na wataalamu wa afya ya jamii, kampuni za bima na waajiri kwa sauti moja, kwamba programu za kuzuia kisukari na kupunguza uzito zisingoje watu hospitalini bali ziwafuate kazini. Hoja hiyo ina nguvu, na sehemu kubwa ya makala haya itakiri hivyo. Shaka yangu ni juu ya kinachodondoka njiani wakati programu inahamishwa kutoka mikononi mwa mtaalamu wa afya na kuwekwa mikononi mwa mtu ambaye pia ndiye anayelipa mshahara.

Tuanze na kitu kinachohamishwa. Mwaka 2002 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao Diabetes Prevention Program, uliowafuatilia watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kiwango cha ugonjwa. Walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi: wapo waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, wapo waliopewa vidonge visivyo na dawa, na wapo waliosaidiwa kubadili mtindo wa maisha kwa malengo mawili tu, yaani kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya mwili kwa dakika 150 kila wiki. Baada ya wastani wa karibu miaka mitatu, kundi la mtindo wa maisha lilikuwa limepunguza idadi ya waliopata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na wale wa vidonge visivyo na dawa, huku metformin ikipunguza kwa asilimia 31. Huko Da Qing, China, ambako jaribio la namna hiyo lilianza mwaka 1986 na kudumu miaka sita, washiriki walifuatiliwa hadi miaka thelathini, ikaonekana kwamba waliobadili mtindo wa maisha walichelewa kupata kisukari kwa takribani miaka minne na waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao.

Namba hizo hunukuliwa kila mahali. Kisichonukuliwa mara nyingi ni dozi. Mshiriki wa utafiti wa Marekani alikuwa na mwezeshaji wake mwenyewe, alikaa naye ana kwa ana katika masomo 16 ndani ya miezi sita ya mwanzo, kisha akaendelea kufuatwa kila mwezi. Alifundishwa kuandika kila alichokula, kusoma mafuta yaliyo ndani ya chakula, kupanga afanye nini siku ya sherehe, na namna ya kurudi kwenye mstari akishateleza. Gharama yake ilikaribia dola 1,400 kwa mtu katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kampuni yake ina programu ya kuzuia kisukari "iliyothibitishwa kisayansi", kisha akaonyesha mabango mawili na bonanza la Jumamosi, anachokitangaza ni jina la dawa ambayo haikunywewa.

Hata hivyo, ni kweli pia kwamba dozi hiyo inaweza kupunguzwa bei bila kuuawa. Mwaka 2008 watafiti wa mji wa Indianapolis, Marekani, walionyesha kuwa masomo yaleyale yakifundishwa kwa kikundi, na wakufunzi wa kawaida wa YMCA badala ya wataalamu wa lishe, washiriki walipunguza wastani wa asilimia 6 ya uzito wao, wakati wale waliopewa ushauri mfupi tu walipunguza asilimia 2. Utafiti ulikuwa mdogo, wa watu 92, lakini ulifungua njia: kama kikundi kinatosha na mkufunzi si lazima awe daktari, basi kantini ya kiwanda nayo yaweza kuwa darasa. Kuanzia hapo ndipo hoja ya mahali pa kazi ilipopata miguu.

Na kwetu ina miguu zaidi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari, na kama robo ya watu wazima hao wakiwa na uzito uliozidi; Kenya mwaka 2015 ilikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kisukari barani Afrika hawajijui. Mwanamume wa miaka arobaini asiyeumwa hana sababu ya kupanga foleni hospitalini, na wengi wetu tunamjua mjomba au baba mdogo aliyegunduliwa siku alipopelekwa akiwa hajitambui. Kazini mtu huyo anapatikana siku tano kwa wiki. Anakula hapo mlo mmoja au miwili, anakaa kwenye kiti saa nane, ana wenzake anaowaheshimu na anaotaniana nao, na ana kikundi cha kufa na kuzikana kinachothibitisha kwamba wafanyakazi wakiamua jambo wanaweza kuchangishana, kufuatana na kukumbushana miaka nenda rudi. Darasa la kikundi halihitaji zaidi ya hapo.

Vyombo vya kubebea jambo hili navyo vipo. Utumishi wa umma Tanzania ulitolewa mwongozo mwaka 2014 unaoweka magonjwa sugu yasiyoambukiza kando ya virusi vya UKIMWI kama jambo la kushughulikiwa mahali pa kazi. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. SHIMIWI imekuwa ikikutanisha watumishi wa wizara na idara katika michezo kwa miaka mingi, na kampuni binafsi hazina uhaba wa bonanza. Sidharau bonanza, nimewahi kuvuta kamba mpaka mikono ikachubuka. Ila hesabu ni hesabu: dakika 150 kwa wiki ni kama dakika 600 kwa mwezi, na Jumamosi moja ya mbio na kamba, yenye nyama choma na soda kwa wote saa saba mchana, haizifikii hata robo.

Upande wa pili wa mizani unaanza na ushahidi wenyewe. Mwaka 2010 mtaalamu wa uchumi wa afya wa Marekani, Katherine Baicker, na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu programu za afya kazini, wakahitimisha kwamba kila dola moja iliyotumika ilirudisha dola 3.27 kwa kupungua gharama za matibabu na dola 2.73 kwa kupungua utoro. Sentensi hiyo iliuza programu nyingi kuliko tangazo lolote. Kisha Baicker yuleyule, safari hii na Zirui Song, ambaye pia alikuwamo katika kazi ya kwanza, wakafanya jambo ambalo watafiti wengi hulikwepa: waliipima upya kauli yao kwa jaribio la nasibu. Walichukua kampuni ya maduka makubwa ya BJ's Wholesale Club yenye wafanyakazi karibu 33,000 katika vituo 160, wakachagua vituo 20 kwa bahati nasibu vipewe programu ya lishe, mazoezi na kupunguza msongo. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba baada ya miezi 18 wafanyakazi wa vituo vile walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanadhibiti uzito zaidi kuliko wenzao. Uzito uliopimwa, shinikizo la damu, sukari, gharama za matibabu na siku za kutokuja kazini havikuonyesha tofauti ya maana.

Maelezo ya tofauti kati ya 2010 na 2019 yalitoka Chuo Kikuu cha Illinois, ambako jaribio jingine lilichapishwa mwaka huohuo likihusu watumishi wapatao 4,800. Huko ilionekana wazi kwamba wanaojitokeza kwenye programu za afya ni wale ambao tayari wana afya nzuri zaidi na gharama ndogo za matibabu. Ukilinganisha waliokuja na wasiokuja, programu inang'aa. Ukilinganisha waliopangiwa na wasiopangiwa, mng'ao unazimika. Yeyote aliyewahi kuandaa mbio za ofisini anajua jambo hili bila utafiti: wanaofika saa kumi na mbili asubuhi na viatu vipya ni wale waliokuwa wakikimbia tangu zamani, na aliyelengwa yuko kitandani.

Je, basi ushahidi huu unaimaliza hoja? Sidhani, na hapa naona wakosoaji nao wanavuka mpaka. Programu ya BJ's ilikuwa ya afya kwa jumla, yenye vipindi vifupi vya mada tofauti, na wengi wa wafanyakazi hawakuhudhuria hata kimoja. Haikuwachagua watu ambao sukari yao imeshapanda, wala haikuwa na masomo 16 ya jambo moja. Kwa hiyo kilichoshindwa ni programu nyepesi kwa watu wote, na kilichofaulu mwaka 2002 ni programu nzito kwa watu walio hatarini; kati ya viwili hivyo kuna nafasi kubwa ambayo mwajiri makini anaweza kuitumia. Tatizo ni kwamba nyepesi ndiyo rahisi kununua.

Kuchagua walio hatarini, kwa upande wake, kunaturudisha kwenye korido. Kwanza ni suala la kitaalamu. Kutenganisha mwenye sukari ya kawaida na aliyeanza kuelekea kisukari, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kunahitaji kipimo cha mtu aliyefunga kula usiku kucha, kinachosoma kati ya milimoli 6.1 na 6.9 kwa lita; kuanzia 7.0 ni kiwango cha kisukari, nacho huthibitishwa kwa kipimo cha pili. Sisi tulipimwa wengine wakiwa wameshakula vitumbua njiani. Kipimo kingine kinachopendwa kwa sababu hakihitaji kufunga, kile cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kinaweza kupotoka kwa mtu mwenye upungufu wa damu au aliyebeba chembe ya urithi ya selimundu, na hali zote mbili si ngeni kwetu. Zoezi la dakika tatu kwa kichwa linaweza kumtia hofu asiye na neno na kumtuma nyumbani akiwa na amani mtu aliyestahili kuitwa tena.

Pili ni suala la nani anaona namba. Marekani, ambako jambo hili limekwenda mbali kuliko kwingine, ilipata somo lake katika jimbo la West Virginia mwaka 2018. Bima ya watumishi wa umma ilitaka walimu wajiunge na programu iitwayo Go365, wakusanye pointi kwa kuandikisha vipimo na hatua walizotembea, na asiyefikisha akabiliwe na nyongeza ya dola 25 kwa mwezi pamoja na kuongezewa dola 500 katika kiasi anachojilipia kabla bima haijaanza kulipa. Walimu walikuwa na malalamiko makubwa zaidi, mishahara na makato ya bima, lakini ile programu ndiyo iliyogusa ngozi. Ulazima wake uliondolewa, na mgomo uliofuata ulifunga shule za kaunti zote 55. Sioni ajabu. Mtu anavumilia kulipwa kidogo muda mrefu kuliko anavyovumilia bosi wake kuhesabu hatua zake.

Kwetu adhabu ya fedha si desturi, lakini hofu ipo kwa sura nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inapiga marufuku ubaguzi kwa misingi inayotajwa moja baada ya nyingine, VVU na UKIMWI vikiwemo na ulemavu pia. Kisukari hakitajwi kwa jina. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaruhusu na kutaka wafanyakazi wapimwe, na upimaji huo unauliza swali tofauti kabisa na la kinga: je, huyu anafaa kwa kazi yake? Dereva, mwendesha krini au mlinzi mwenye silaha anaposikia kwamba kuna kipimo cha sukari, hilo ndilo swali analolisikia, hata kama bango limeandikwa "Afya yako ni mtaji wako". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Kenya ilitangulia mwaka 2019. Orodha iliyoshinda juu ya meza ya afisa utumishi leo ingekuwa kosa. Ila sheria haifuti kicheko cha korido.

Tatu, na hili halipatikani katika miongozo iliyoandikwa kwingine, ni maana ya uzito wenyewe. Kwetu kitambi bado kinasomwa kama mshahara unaoonekana, na mwanamke aliyenenepa baada ya kuolewa anasifiwa kuwa ametunzwa. Kukonda ndiko kunakotafutiwa maelezo. Kizazi changu kilikua wakati ambapo mfanyakazi aliyepungua kilo tano ghafla alinong'onwa, na minong'ono ile haijaisha; dada mmoja wa uhasibu aliyefanya kazi kubwa ya kupunguza mwili wake aliniambia kwamba kilichomchosha si njaa, ni kuulizwa kila siku, "Mwenzetu, unaumwa?" Programu inayoning'iniza ubaoni majina ya waliopungua zaidi, kama inavyofanyika katika mashindano ya kampuni, inaweza kuwa inamsukuma mtu kwenye aibu mbili kwa mpigo.

Ndiyo maana natilia maanani zaidi matokeo ya India kuliko ya Marekani. Jaribio la kuzuia kisukari lililochapishwa huko mwaka 2006, lenye washiriki 531 ambao wengi hawakuwa wanene sana, lilipunguza wapya wa kisukari kwa asilimia 28.5 bila uzito wa washiriki kushuka kwa kiasi cha kutajika. Walitembea zaidi, wakala vizuri zaidi, na miili yao ikaitikia hata mzani ulipokaa kimya. Sisemi uzito hauna maana: katika takwimu za Marekani kila kilo iliyopunguzwa iliambatana na kushuka kwa hatari kwa takribani asilimia 16. Nasema mzani ni mmoja kati ya vipimo kadhaa, na ndio uliobeba aibu kubwa kuliko vyote. Programu ya kazini inaweza kuuacha kwa mtu na daktari wake bila kupoteza roho yake.

Kinachobaki mikononi mwa mwajiri ni kile anachokimiliki kweli, nacho ni saa na chakula. Masomo 16 yakiwekwa saa kumi na moja jioni, watakaokuja ni wenye magari na wasio na watoto wa kuchukua shule. Yakiwekwa ndani ya saa za kazi, mwajiri atakuwa amelipa gharama halisi na kuonyesha anamaanisha. Mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye hutumia soda mbili kujiweka macho, hawezi kufikiwa na darasa la mchana kwa namna yoyote, na ndiye aliye hatarini kuliko meneja wa masoko anayelipiwa gym. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Kumwekea termosi ya chai isiyo na sukari na yai la kuchemsha ni gharama ndogo kuliko fulana.

Katika ofisi niliyoitaja, badiliko pekee lililodumu halikutokana na siku ya afya. Mama aliyekuwa akipika chai alianza kuugua miguu, akaambiwa hospitalini kuwa ana kisukari, na tangu wiki ile akaacha kutia sukari kwenye birika kwa sababu na yeye alikuwa anakunywa humo humo. Sukari ikakaa kwenye kopo pembeni, kila mtu na kijiko chake. Wiki ya kwanza tulilalamika. Baada ya miezi miwili aliniambia, bila kujua kwamba anatoa takwimu, kwamba mfuko wa kilo mbili uliokuwa ukiisha Jumatano sasa unafika Ijumaa na kubaki. Hakuna aliyepimwa, hakuna aliyetajwa.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa siku, hakuwa na bima ya ofisi, na siku ya mzani hakuitwa. Nje ya geti walikuwepo mama lishe wawili waliolisha nusu ya wafanyakazi wetu wali na maharage mchana, wakishinda wamesimama juani na kunywa soda za mteja aliyeghairi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kuwa zaidi ya asilimia 85 ya ajira barani Afrika si rasmi. Kwa hiyo programu yoyote inayosema "mahali pa kazi" na kumaanisha wenye mikataba inaanza kwa kuwaacha nje watu wanaoamua sahani ya mchana itakuwa na nini. Mwajiri anayetaka kuanza mahali anaweza kuwaita hao kwanza darasani, awalipe siku waliyopoteza, na kuwauliza pakacha la mboga za majani linauzwaje soko la Buguruni alfajiri, maana hesabu ya sahani yenye mchicha mwingi na wali kidogo, ambayo bado itamlipa mpishi, wanaijua wao.